Franklin na radi

Mkuu, umeuliza kama kweli Benjamin Franklin, yule mwanasayansi na mwanasiasa wa Marekani, hakumaliza shule, na kama radi ilimpiga.

La shule ni kweli. Alitolewa ana miaka 10, na kwenye 12 akawa mwanagenzi katika matbaa ya kaka yake, Boston. Vitabu aliazima jioni, akakesha navyo, alfajiri anarudisha.

Radi ingempiga asingesimulia! Mwaka 1752, kutaka kuonyesha kwamba radi ni umeme, alirusha tiara wingu limetanda, kamba imelowa, ufunguo unaning'inia, mkononi kashika utepe mkavu wa hariri. Akasogeza kifundo cha kidole kwenye ufunguo: cheche. Mwaka uliofuata mwanafizikia Richmann alijaribu jambo kama hilo Saint Petersburg, akafa papo hapo.

Kwenye siasa, mimi namvulia kofia kwa kuwavuta Wafaransa upande wa Marekani kwenye vita vya uhuru dhidi ya Uingereza, 1778.