Injini ya zamani isiyo na namba: anza na kile kisichofunguliwa kwa spana

Ndugu muuliza swali, umeeleza kwamba umenunua injini ya zamani ya petroli yenye silinda nne, haina kibati wala namba inayosomeka, na aliyekuuzia anashikilia kuwa ni ya cc 1300 (ujazo wa silinda zote kwa sentimita za ujazo) kwa sababu kifuniko cha valvu kimeandikwa hivyo. Nami niliwahi kununua injini kwa ushahidi wa kifuniko, kwa hiyo niwie radhi nikijibu kwa urefu.

Kifuniko cha valvu, kabureta, distribyuta, chujio la hewa na hata rangi si mashahidi wa kutegemewa. Vyote hivyo hubadilishwa kwa spana mbili tatu au kwa brashi, na injini yenye umri wa miaka 40 huwa imekwisha kuazima vipuri kwa ndugu zake mara nyingi. Shahidi ni bloku, yaani mwili wa chuma wenye silinda, na baada yake kranki iliyomo ndani, ile shafti inayozungushwa na pistoni.

Anza kwa kuisafisha bloku kwa mafuta ya taa na brashi ya waya laini. Usiguse grainda wala msasa mkali, kwa sababu namba ya injini hugongwa kwa kina kidogo sana na ukikwaruza umeifuta mwenyewe. Itafute kwenye sehemu bapa iliyochongwa kwa mashine, mara nyingi karibu na maungio ya hedi (kichwa kinachofunika silinda kwa juu) au karibu na mdomo unaofungwa gia boksi; mulika tochi kwa mshazari, kisha paka chaki na kufuta juu juu ili mikwaruzo iliyozama ibaki nyeupe. Ikiwa pale mahali ni patupu kweli, huenda uso wa bloku ulichongwa upya, au ni bloku iliyouzwa kama kipuri bila kugongwa namba. Lakini ukiona alama za grainda pale tu na si kwingine, simama, usitumie hata shilingi nyingine juu ya injini hiyo mpaka polisi waikague pamoja na hati zako za manunuzi.

Namba ya kugongwa isichanganywe na namba ya kalibu, ambayo imenyanyuka juu ya chuma kwa sababu ilitoka na bloku ilipomiminwa. Hiyo haifutiki kwa urahisi, na mara nyingi huambatana na tarehe. Kwenye injini ndogo za V8 (silinda nane) za Chevrolet, kwa mfano, herufi A hadi L ni miezi ya Januari hadi Desemba, hivyo C 14 9 ni tarehe 14 Machi ya mwaka unaoishia na 9. Muongo utautafuta kwingine. Hata hivyo namba ya kalibu inakutajia umbo la chuma tu, haikutajii ujazo. Bloku yenye namba 3970010 imetumika kwa injini za inchi za ujazo 302, 327 na 350, zote zenye kipenyo cha silinda cha inchi 4, zikitofautiana kwa mwendo wa pistoni peke yake, yaani umbali ambao pistoni husafiri kutoka chini kabisa hadi juu kabisa.

Kama hakuna hata namba ya kalibu, spana zako zitakusaidia kujua asili. Bolti yenye uzi wa milimita 8 katika injini za Kijapani kwa kawaida hushikwa na spana namba 12, na ya milimita 10 hushikwa na namba 14, wakati zile za Ulaya bara huhitaji 13 na 17. Spana za inchi zikikaa sawasawa bila kucheza, fikiria Uingereza au Marekani. Jaribu bolti za ndani ambazo mafundi hawazipotezi ovyo, si za alternata. Tazama pia maumbile: kamshafti (shafti inayofungua valvu) iko juu au ubavuni, inazungushwa kwa cheni au mkanda, moshi unatokea upande gani. Injini ya A-series ya BMC, kampuni ya magari ya Uingereza, inajitambulisha kwa matundu matano tu ubavuni mwa hedi, mawili ya kuingiza na matatu ya moshi, ingawa cc 998 na cc 1098 zina kipenyo kimoja cha milimita 64.58, hivyo ni mwendo wa pistoni utakaozitofautisha.

Sasa kisa changu. Niliuziwa Toyota 4K, na kifuniko kilikuwa cha 4K kweli. Nikatoa plagi, nikatumbukiza kijiti, nikazungusha kranki kwa mkono na kupata mwendo wa karibu milimita 73, nikaridhika. Kosa langu ni kwamba tundu la plagi limelala, na kijiti kilicholala hurefusha kipimo. Nilipofungua hedi na kupima kina cha pistoni ikiwa chini kabisa, kisha ikiwa juu kabisa, tofauti ilikuwa milimita 66. Ilikuwa 3K, ndugu yake mdogo. Fanya hesabu kwa sentimita: 0.7854 mara kipenyo mara kipenyo mara mwendo mara idadi ya silinda. Zote mbili zina kipenyo cha 7.5, kwa mwendo wa 6.6 unapata cc 1166, kwa 7.3 unapata cc 1290.

Ukipima kipenyo na kikazidi kidogo namba ya kitabuni, angalia juu ya pistoni kama pamegongwa 0.50 au 1.00 (milimita zilizoongezwa), maana silinda huenda zilishachongwa kuongezwa upana. Mwendo wa pistoni haubadiliki kwa kuchongwa silinda, ndiyo maana ninauamini zaidi. Pima silinda mbili, kisha andika hapa vipimo vyote viwili pamoja na picha ya ubavu wenye manifoldi (mabomba ya kuingiza hewa na kutoa moshi).