Umri wa mama pekee usiamue upasuaji wa titi

Mama yangu alipogunduliwa saratani ya titi alikuwa na miaka 74. Daktari wa kwanza alituambia, na wajomba wakamuunga mkono: “Mtu mzima huyu, msimtese na kisu. Anywe vidonge.” Nyinyi mnaouguza mama na nyanya hapa Mombasa, nawasihi msilipokee neno hilo kabla hamjauliza maswali.

La kwanza: kipimo cha kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachochukuliwa na kupimwa, kimesemaje? Vidonge vya homoni kama tamoksifeni hufanya kazi pale tu uvimbe unapolishwa na homoni. Wa mama haukuwa hivyo, kwa hiyo vidonge visingemfaa kitu. Hata vinapofaa, bila upasuaji uvimbe huweza kutulia miaka kadhaa kisha ukaanza kukua tena. Kwa mgonjwa dhaifu sana huenda hiyo ikatosha. Mama yangu alikuwa akitoka Majengo kwa miguu hadi Marikiti kununua nazi. Upasuaji wa titi haufungui tumbo wala kifua, na wazee wengi huuhimili. Daktari aangalie moyo, presha, sukari, na kama mtu anajihudumia mwenyewe, si mwaka wa kuzaliwa tu.

Kuna na hili, linaloniuma zaidi: “Likatwe lote, mzee titi la nini?” Ni mwili wake! Utafiti uliofuatilia wagonjwa kwa miaka 20, ukachapishwa 2002, ulionyesha kuwa waliotolewa uvimbe tu wakapigwa miale (mionzi ya kuua saratani) waliishi sawa na waliokatwa titi zima. Utafiti mwingine wa Marekani ulihusu wanawake wa miaka 70 na zaidi wenye uvimbe mdogo unaolishwa na homoni, waliotolewa uvimbe wakanywa tamoksifeni. Katika miaka 10, saratani ilirudi titini au kwapani kwa takriban 10 kati ya 100 waliokosa miale, na 2 kati ya 100 waliopata. Urefu wa maisha haukutofautiana. Kwa hiyo baadhi yao huweza hata kutopigwa miale.

Mama alielezwa yote haya, sisi wanawe tukiwa nje. Akachagua likatwe lote, kwa kuwa hakutaka kwenda na kurudi kwa ajili ya miale. Kaka yangu hakupendezwa. Uamuzi ulibaki wa mama.

Mkienda kliniki, bebeni dawa zake zote, za hospitali na za miti shamba. Zile za kuzuia damu kuganda zitajwe mapema, kabla hajapangiwa siku ya nusukaputi.