Eko Eko Azarak: ya pili inarudi nyuma

Umeuliza kama filamu ya pili ya Eko Eko Azarak, zile filamu za kutisha za Kijapani, inaendeleza hadithi ya filamu ya kwanza. Hapana, ile ya 1996 si mwendelezo wa ile ya 1995. Inarudi nyuma kuonyesha mhusika mkuu, Misa Kuroi, alikuwaje kabla hajawa mchawi: msichana wa kawaida tu, asiyejua lolote kuhusu nguvu alizonazo. Ndiyo maana unashangaa kumwona amekuwa mwoga ghafla, wakati kwenye ya kwanza anaingia shule mpya akiwa tayari anajua uganga wake. Zote mbili zimeongozwa na Shimako Sato, na Misa ni yule yule Kimika Yoshino.

Mimi nashauri uanze na ya 1995 hata hivyo. Wale wanafunzi 13 waliofungiwa shuleni usiku, na namba ubaoni inayopungua kila mmoja anapokufa, inatisha zaidi ukiwa humjui Misa ni nani. Ukianza na ya pili, hofu ile utakuwa umeipoteza, na ni hasara kubwa kwa filamu nzuri kiasi hicho.

Angalia tu usichanganye na ya tatu, ya 1998. Hapo Misa anachezwa na Hinako Saeki, ambaye ndiye aliyemcheza pia kwenye tamthilia ya televisheni ya 1997, kwa hiyo sura inabadilika ingawa mhusika ni huyo huyo. Asili ya yote ni vitabu vya katuni vya Shinichi Koga vya miaka ya 1970.