Usiking'oe mninga uliokauka

Wiki iliyopita msomaji wa Manyoni aliniandikia: "Dada, nina nusu ekari, nataka iwe bustani ya miti kama ile ya Amani kule Usambara, ila ya miti yetu ya asili. Nianzie wapi?" Mdogo wangu, umenikuta bado naumia. Nivumilie nianze na yangu.

Miaka minne iliyopita niliomba eneo nyuma ya shule moja hapa Dodoma. Mbegu za mninga nilizitafuta mwenyewe porini. Kupasua lile tunda lenye miiba katikati kuliniachia vidole vina vidonda. Ikaota miche 31. Mvua zilipokata, yote ikakauka mpaka chini. Msimu uliofuata ikachipua, kiangazi ikakauka tena. Uongozi mpya wa shule ukaona pale ni pori tu. Niliporudi safari nikakuta mizizi imerundikwa kando ya choo, minene kama mihogo, ukiikwaruza bado mibichi. Nililia.

Mninga ndivyo ulivyo. Mche wake hufa juu kila kiangazi, miaka kadhaa, huku mzizi ukinenepa ardhini hadi upate nguvu ya kurefuka. Mimi nilijua, ila sikumweleza mtu wala sikuweka kibao hata kimoja. Hapo nilikosea.

Basi weka vibao, na uwe na daftari: mbegu ilitoka mti upi, kijiji gani, mwezi gani. Bustani ya Amani ilianzishwa 1902. Wale walioipanda wameondoka zamani; bila maandishi, nani angejua mti upi ulitoka wapi? Na miti mingi ya misitu ya mvua mbegu zake hufa zikikaushwa, huwezi kuziweka ghalani. Mti wenyewe uliosimama ndio ghala.

Halafu gawa miche. Karomia gigas, mti wa kusini mwa pwani yetu, ulidhaniwa umetoweka mpaka ulipoonekana tena 2011. Mwaka 2018 mbegu zake zilipelekwa bustani ya mimea ya Missouri, Marekani, zikaota. Moto ukipita huku, kule upo. Usiwe mchoyo wa miche, jamani! Mimi nilimpa shangazi yangu wa Kondoa minne tu, tena kwa kusitasita.

Juzi kanipigia. Mvua zimeanza, na mmoja safari hii haukuchipua kutoka chini. Umechipua kwenye ncha ya kijiti cha mwaka jana.