Tumeoana juzi na tunatarajia mtoto: tuanze na bima ipi ya maisha?

SWALI: Habari, mtaalamu. Nina miaka 29, mke wangu 27, tunaishi Dodoma. Nimeajiriwa kampuni binafsi, mkononi naondoka na 900,000 kwa mwezi. Mke wangu ana duka la vitenge. Nina mkopo wa benki wa milioni 12. Wakala wa bima anatushauri tuchukue bima ya elimu ya mtoto: 50,000 kila mwezi kwa miaka 15, mwishoni turudishiwe fedha na bonasi. Tusaini?

JIBU: Hongereni, kaka. Msisaini kwanza. Hiyo ni akiba iliyovishwa kinga ndogo, na kinachowakabili ninyi sasa ni hatari ya mmoja kuondoka mapema.

Piga hesabu. Kwa miaka 15 mtakuwa mmelipa milioni 9, na katika mikataba ya aina hiyo kiasi kinacholipwa mtu akifariki mara nyingi hakiendi mbali na jumla ya michango ya miaka yote. Kama nyumba yenu inatumia 700,000 kwa mwezi, mwaka unahitaji milioni 8.4. Ukifariki mwakani, shemeji atakuwa na fedha za mwaka mmoja na wiki chache, mkononi ana mtoto mchanga.

Ulizieni bima ya maisha ya muda maalumu. Unachagua miaka, tuseme 20. Ukifariki ndani yake familia inalipwa, ukimaliza salama hupati kitu. Wengi huikataa hapo, wakiona fedha imepotea. Lakini ni kwa sababu hairudishi kitu ndiyo maana ada ndogo inanunua kinga kubwa, hasa ukianza ukiwa kijana mwenye afya. Wakala asipoitaja, mwulize mwenyewe: kamisheni yake hukokotolewa kwenye ada, na ada ya akiba ni kubwa zaidi.

Kiasi gani? Miaka 10 ya matumizi ni milioni 84. Punguza ulichonacho tayari: bima ya kundi kazini kama ipo (ukiacha kazi, nayo kwa kawaida inakwisha) na mafao ya warithi ya NSSF. WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) usiihesabu, maana hulipa kifo kilichotokana na kazi tu. Kuhusu mkopo, iulize benki kama una bima ya mkopo. Kama ipo, inafuta deni. Haimwachii shemeji hata shilingi. Kama haipo, ongeza hizo milioni 12.

Shemeji naye akatiwe yake. Mchango wa duka na malezi ya mtoto vina gharama ambayo ungeisikia tangu siku ya kwanza akiwa hayupo. Napendelea mikataba miwili, kila mtu na wake, kwa sababu bima ya pamoja mara nyingi hulipa kifo cha kwanza kisha inafungwa, na aliyebaki anaanza upya akiwa na umri mkubwa.

Elimu ya mtoto itengeeni fungu lake. UTT AMIS, kampuni inayoendesha mifuko ya uwekezaji wa pamoja, wana Mfuko wa Watoto. Thamani ya vipande, yaani sehemu mnazonunua kwenye mfuko, hupanda na kushuka, ila hamfungwi na ada ya kila mwezi. Kwenye bima ya akiba, ukikwama kulipa miaka miwili mitatu ya mwanzo unaweza kurudishiwa kidogo sana, au usipate kabisa, na biashara ya duka ina miezi migumu.

Kwenye fomu semeni kweli yote: presha, kisukari, sigara, ujauzito. Ukificha, kampuni inaweza kukataa dai wakati wewe hupo kujieleza. Hakikisheni kampuni na wakala wamesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na ada iende kwenye akaunti ya kampuni, kamwe si kwenye simu ya wakala.

Halafu jambo ambalo naomba ulifanye wiki hii, hata kabla ya bima: angalia majina ya wanufaika kazini na NSSF. Vijana wengi walijaza fomu hizo kabla ya ndoa wakaandika mama au kaka, na hazijaguswa tena. Mtoto akizaliwa mwongezeni, pamoja na jina la mtu mzima mnayemwamini atakayepokea kwa niaba yake.