Onyesho "linakuja", lakini jumba gani? Ninavyosoma habari za thieta

Mleta uzi anasema aliona habari kwamba tamthilia fulani ya muziki "inakuja Broadway msimu ujao", yaani kwenye majumba makubwa ya thieta ya New York, na nyota mmoja mkubwa "anatarajiwa" kuigiza. Tangu hapo miezi minane imepita, kimya. Anauliza aanze kupanga likizo na safari, au hizi habari huwa ni hewa tu. Wadau wawili hapo juu wamemwambia asubiri. Sawa, lakini asubiri nini hasa? Ngoja nijaribu.

Nimefanya kazi nyuma ya pazia miaka tisa, sehemu kubwa nikiwa msaidizi wa meneja wa jukwaa. Ni yule mtu anayekaa gizani na hedifoni, akinong'ona "taa ya kumi na nne, jiandae... sasa". Habari za maonyesho yajayo nazisoma kama mkataba wa kupanga nyumba, natafuta kisichoandikwa. Na cha kwanza ninachokitafuta ni jina la jumba.

Broadway ina majumba 41 tu, na mengi yako mikononi mwa kampuni tatu. Mtayarishaji anaweza kuwa na hati nzuri, nyimbo, mwongozaji mwenye jina na nyota wa sinema, lakini kama hajapewa jumba, hana kitu. Anakaa kwenye foleni akiombea onyesho la mwenzake life ili nafasi ipatikane. Mwenye jumba naye ana hesabu zake. Mikataba huwa na kifungu kinachomruhusu kulitoa onyesho mauzo yakishuka chini ya kiwango fulani wiki kadhaa mfululizo. Kwa hiyo "msimu ujao" bila jumba maana yake ni "tukipata". Tangazo la namna hiyo halijaandikwa kwa ajili yako mnunuzi wa tiketi. Limeandikwa kwa wawekezaji.

Hili nililijua kwa macho yangu. Tulikuwa chumba cha mazoezi, sakafuni tumebandika utepe wa rangi tatu kuonyesha kuta, mlango na ngazi ambazo hazikuwepo. Mwigizaji mkuu akaingia na simu mkononi, akatusomea kwa sauti kwamba onyesho letu litafunguliwa majira ya kuchipua. Tukatazamana. Sisi pale tulikuwa kwenye warsha ya wiki mbili, ya kulijaribu onyesho tu, na yeye mwenyewe alikuwa hajasaini chochote zaidi ya hizo wiki mbili. Mtayarishaji alipobanwa wakati wa chai alicheka, akasema watu hawaleti kuni mpaka waone moshi. Basi, moshi waliuona, kuni hazikuja. Nilirudi jioni ile kung'oa utepe sakafuni kwa kucha, na onyesho lile halijafunguliwa popote hadi leo. Ukilitafuta mtandaoni bado "linakuja".

Tofautisha hapo na nyumba za thieta zenye kumbi zao, zinazotangaza msimu wao wenyewe. National Theatre ya London ina kumbi zake tatu, Royal Shakespeare Company ina majumba yake Stratford-upon-Avon, Public Theater ya New York ina jengo lake. Hawa wakitangaza msimu, ukumbi upo tayari na fedha za msimu zimeshapangwa. Waigizaji wanaweza kubadilika, mwongozaji anaweza kuugua, lakini kwa kawaida onyesho litapanda. Nikiona habari mbili siku moja, moja ya nyumba kama hizi na nyingine ya mtayarishaji wa biashara asiye na jumba, uzito wake kwangu haulingani hata kidogo.

Jambo la pili ni kuangalia onyesho liko hatua gani ya safari. Wengi wanadhani maonyesho huandikwa leo na kufunguliwa mwakani. Tamthilia ya muziki Hadestown ilianza mwaka 2006 jimbo la Vermont, Marekani, kama mradi mdogo, ikatoka kama albamu 2010, ikapanda ukumbi wa New York Theatre Workshop 2016, ikaenda Edmonton kule Kanada 2017, ikapita National Theatre 2018, ndipo ikafika Broadway 2019 na kuchukua tuzo 8 za Tony, zile tuzo kuu za Broadway, ikiwemo ya tamthilia bora ya muziki. Miaka 13! Maybe Happy Ending nayo ilionyeshwa Seoul 2016, ikafunguliwa Broadway Novemba 2024 kwa mauzo dhaifu hadi watu wakaanza kuiandikia tanzia, kisha Juni 2025 ikaondoka na Tony 6. Kwa hiyo ukisoma kwamba onyesho "limefanyiwa usomaji", ujue ni waigizaji wamesimama na makabrasha yao mbele ya wageni walioalikwa, hakuna maleba wala mandhari. Ukisoma kwamba limepangiwa mji mwingine kwanza, Chicago kwa mfano, hapo sasa kuna mbao zinakatwa na kuna mtu anadai malipo.

Je, jumba likitajwa mambo yameisha? Hapana, na hapa lazima niwe mkweli. Mwaka 2012 tamthilia ya muziki Rebecca ilikuwa na jumba pale Broadway, ilikuwa na waigizaji, na tiketi zilikuwa zinauzwa. Zikakosekana dola milioni 4.5 kutoka kwa mwekezaji aliyesemekana amefariki kwa malaria. Ikaja kugundulika kwamba mwekezaji huyo hakuwahi kuwepo duniani, alikuwa jina lililotungwa na dalali, na dalali akaishia kukiri kosa mahakamani. Onyesho likavunjika mazoezi yakiwa ndiyo yanataka kuanza. Visa vya aina hii ni vichache, ila ndiyo sababu mimi hununua tiketi mapema na kuchelewesha nauli. Onyesho likifutwa, fedha ya tiketi hurudishwa na muuzaji rasmi. Fedha ya ndege ni shauri yako.

Sasa tarehe. Habari nzuri hutaja tarehe mbili: ya kuanza maonyesho ya majaribio na ya uzinduzi. Wengi wanasoma ya pili tu. Katika kipindi cha majaribio watazamaji wanalipa na ukumbi umejaa, lakini onyesho bado linashonwa. Mchana tunafanya mazoezi ya mabadiliko, usiku tunaigiza. Shemeji yangu alikuja usiku wetu wa pili, akatoka anausifu wimbo mmoja wa mama na mwanawe. Nikashindwa kumwambia kwamba ulikuwa umefutwa, ile ilikuwa mara ya mwisho kuimbwa. Usiku wa tatu mlango wa mandhari ukagoma kufunguka kabisa. Mwigizaji akahangaika na kitasa, akageuka, akapanda dirishani na kuruka ndani. Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi kwenye hedifoni namwita fundi huku jasho linanitoka, kumbe mwongozaji kule nyuma anaandika. Kesho yake mlango ulitengenezwa, lakini yule kijana aliendelea kuingilia dirishani mpaka mwisho wa msimu.

Kwa kawaida kipindi hicho ni wiki chache. Tamthilia ya muziki Spider-Man: Turn Off the Dark ilivunja kila desturi, kwani ilianza majaribio Novemba 2010 na kuzinduliwa Juni 2011, maonyesho 182 ya majaribio, na ilisimama wiki kadhaa katikati ili isukwe upya. Wahakiki walichoka kungoja, wakaandika kabla ya uzinduzi. Iligharimu kiasi cha dola milioni 75 na haikurudisha mtaji. Ukiona tarehe ya uzinduzi inasogezwa mara ya pili, ujue kuna kitu huko ndani. Mara ya kwanza huwa si neno.

Kuhusu nyota, kwa kweli hapo ndipo tarehe huwa za kuaminika zaidi, kwa sababu kalenda yake ndiyo inayoendesha kila kitu. Othello ya Denzel Washington na Jake Gyllenhaal mwaka 2025 ilitangazwa kwa muda maalumu, ikaisha ilipopaswa kuisha, na kuna viti vilivyouzwa hadi dola 921. Sijui nani alikaa pale kwa raha. Lakini soma kitenzi. "Ataigiza" ni jambo moja, "anatarajiwa", "yuko kwenye mazungumzo" na "alishiriki usomaji" ni mambo mengine kabisa. Aliyeshiriki usomaji huenda alikuja kumsaidia rafiki yake siku mbili, akala chakula cha mchana akaondoka.

Na usisahau kalenda ya Tony. Mwisho wa kufungua ili uingie kwenye tuzo za mwaka huwa ni mwishoni mwa Aprili, ndiyo maana Machi na Aprili maonyesho hufunguliwa kwa kusukumana. Wakati huo majumba hayapatikani. Mtayarishaji aliyesema "majira ya kuchipua" na ikafika Desemba hajataja jumba, huyo kwa mwaka huo mfute.

Hata habari za kufunga nazisoma kwa jicho lile lile. The Phantom of the Opera ilipotangaza Septemba 2022 kwamba itafungwa Februari iliyofuata, watu waligombania tiketi hadi ikasogezwa mpaka Aprili 16, 2023, ikiwa na maonyesho 13,981. Kwetu sisi wadogo haikuwa hivyo. Kufungwa kwetu nilikusoma kwenye ubao ulio mlango wa nyuma, karatasi moja iliyobanwa kwa pini kando ya ratiba ya zoezi la moto, nusu saa kabla ya kuanza. Tovuti ilikuwa bado inauza tiketi za wiki tatu mbele. Tukavaa hedifoni tukafanya kazi.

Kwa hiyo mleta uzi, hiyo habari yako haina jumba, haina tarehe ya majaribio, na nyota wake "anatarajiwa". Likizo omba kama unahitaji kupumzika, ila nauli usiguse. Jiandikishe kwenye barua pepe za onyesho lenyewe, na siku utakapoletewa jina la jumba pamoja na ramani ya viti, rudi hapa tujadili ukae safu ya ngapi. Mimi huwa napendelea pembeni kidogo. Ukikaa pale unamwona mtu wa hedifoni.