Jibu kuhusu saa ya kupima moyo kwa mama wa Newala

Usiinunue. Umeandika kwamba moyo wa mama yako aliyeko Newala unakwenda mbio kisha unasita, ukauliza ni saa gani itakayompima na betri yake hudumu siku ngapi. Swali hilo nililiuliza mimi baada ya malipo ya korosho, nikalijibu kwa shilingi 85,000.

Muuzaji mmoja wa Mtwara mjini aliniapia kwamba saa ile inapima ECG, yaani umeme wa moyo. Mistari ilicheza kiooni kama ya hospitalini, nikaridhika, nikampelekea baba. Wiki mbili baadaye alinipigia simu akisema kifua kinamrukaruka kama samaki changu aliyemwagwa mtumbwini. Nikamwuliza saa inasemaje. Akajibu inaonyesha 78 na alama ya kijani. Mimi, mwanawe niliyesoma, nikamwambia apumzike. Akapumzika siku tisa. Siku ya kumi kikombe cha kahawa kilimponyoka mkononi na mdomo ukapinda. Kilikuwa kiharusi.

Hospitalini, nyaya kumi na dakika chache zilitosha kuonyesha kwamba mapigo hayana mpangilio. Daktari alitueleza kwamba vyumba vya juu vya moyo vikipapatika badala ya kusukuma, damu hutuama na kuganda, na bonge likichomoka huweza kuziba mshipa wa ubongo. Dawa za kuzuia damu kuganda zipo, na baba angeweza kuzianza siku ile aliponipigia simu.

Niliporudi nyumbani niliivalisha saa ile muhogo. Muhogo, ndugu yangu, ulikuwa na mapigo 74, na afya yake ilikuwa njema kuliko yangu. Yule muuzaji siku hizi anauza feni. Mungu awalinde wenye joto.

Wala usinijibu kwamba utanunua ya ghali. Hata saa ya kweli huchungulia mapigo kwa vipindi, mvaaji akiwa ametulia, na ugonjwa huu huja na kuondoka. Katika utafiti wa saa za Apple uliochapishwa Marekani mwaka 2019, wenye washiriki zaidi ya 400,000, baadhi ya waliotahadharishwa na saa walibandikwa kiraka cha kupimia kifuani kwa siku kadhaa, nacho kiliunasa kwa asilimia 34 tu ya hao waliokivaa. Saa ikisema nenda hospitali, nenda. Ikisema u mzima ilhali mwili unalalamika, ivue.

Mama apimwe ECG kesho, na ikitoka safi, ombeni kile kipimo cha moyo kinachovaliwa mwilini usiku na mchana, kwa muda wa saa 24. Moyo ukianza tena kuruka, mwekee vidole viwili kifundoni mwa mkono, upande wa kidole gumba, hesabu dakika nzima, uandike na saa ilikuwa ngapi. Karatasi hiyo mpe daktari.